Msomee Kabla Hujaondoka

Bhoke mwanangu,

Begi lako nimelifungua tena nikaongeza karanga, kwa hiyo ukilikuta limevimba usinikasirikie. Habari za sweta, na simu mkononi, na matapeli wa pale Sirari, nimekuimbia tangu asubuhi mpaka ukasema, "Mama, mimi si mtoto wa chekechea." Sawa, nimeziacha. Nimekaa hapa mlangoni, jua linashuka upande wa Nyarero, bibi yako yuko kwenye kigoda chake anachambua maharage ambayo mimi nilishayachambua, na wewe umeenda kuaga watu wa kwaya. Basi nimechukua kalamu.

Shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne. Mwandiko wangu unapanda vilima na kushuka. Utavumilia.

Kesho unaenda Nairobi kufanya kazi kwenye kamati ileile iliyokuja hapa kwetu kusikiliza malalamiko ya bwawa. Watu wananipongeza mpaka nachoka kutabasamu. Jirani yetu Mama Chacha alipiga vigelegele kutoka bombani mpaka kwake na ndoo kichwani, nusu ya maji ikamwagika. Na mimi nimefurahi, Bhoke, nisikudanganye. Ila wewe mambo yale uliyakuta yameshakwisha. Ulikuwa bweni. Ulirudi likizo ukakuta kiwanja kina mawe ya mipaka, nyama inachemka, bibi yako anacheza na fimbo juu. Ulikuta sherehe. Yaliyotangulia sherehe hukuyaona, na watu wakikusimulia wanaruka sehemu nilizokosea mimi. Nataka uondoke nayo yote.

Huko utaulizwa nyumba ntobhu ni nini. Usianze na maneno ya chuoni. Waambie ya kwetu. Bibi yako Wegesa alizaa mabinti watupu, wakaolewa, mumewe akafa, akabaki na zizi limejaa na mji usio na wa kuurithi. Kwa mila yetu Wakurya mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa ni wa mji wake, wanaitwa kwa jina lake. Mwanaume aliyewazaa hana neno pale. Mimi niliolewa hivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa na mume. Alinivunja mkono huu ninaoandikia, ndiyo sababu ya hivi vilima. Nilirudi kwa baba Nyamwaga, nikawa mtu wa kula kwa kujificha. Siku moja akaja mama mmoja mfupi, mweusi, ana fimbo, akaongea na baba habari za ng'ombe. Walipomaliza hakuondoka. Alinifuata mtoni nilikokuwa naosha masufuria, akasimama juu yangu, akasema, "Wewe binti. Huko wamekubaliana. Na wewe je?"

Nilicheka. Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nitakuja. Nikaja, na mkono wake haujawahi kunigusa kwa ubaya mpaka leo. Mdomo wake ndiyo, huo unaufahamu.

Halafu likaja bwawa. Silitukani lile bwawa, maji yake tunayanywa. Ulikuwa mradi mkubwa, hela zake zilitoka kwa taasisi ya nje, ya mataifa mengi pamoja. Mji wetu ulikuwa bondeni kule ambako sasa ni maji. Wale waliotakiwa kuhama walipewa viwanja huku juu. Vijana wa kupima wakapita nyumba kwa nyumba. Kwetu wakauliza, "Baba yuko wapi?" Nikasema hayupo. "Atarudi lini?" Nikasema hajawahi kuwepo. Wakacheka, wakaandika kitu, wakaenda kwa jirani.

Majina yaliposomwa, letu halikuwemo. Wala la nyumba nyingine yoyote kama yetu, na tulikuwa wachache, hatukufika hata kujaza benchi la kanisa. Mwenyekiti wetu, Mzee Magige, akatuambia mbele za watu, "Ninyi si kaya. Ninyi ni wanawake mnaoishi pamoja." Watu wakacheka. Bibi yako akamjibu, "Magige, mbona arusi yangu ulikula mpaka ukalala zizini?" Watu wakacheka zaidi, lakini jina halikuingia.

Na elewa kilichokuwa kinatafutwa pale. Si kiwanja tu. Kama sisi si kaya, basi bibi yako hakuoa, na wewe si wa kwake. Wewe Bhoke Wegesa ungekuwa Bhoke wa nani?

Ile taasisi ilikuwa na kamati yake yenyewe ya kuwasikiliza walioachwa, hasa watu wachache wenye mila yao ambayo wengi hawaifuati. Ni jambo zuri. Walikuja. Wakatukusanya darasani, mimi na bibi yako tukabanwa kwenye benchi la wanafunzi, magoti yanakaribia kidevu. Nje gari lao lilikuwa linanguruma, dereva hakuzima. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo, mgeni kutoka mbali, miwani kubwa. Sisi tulimwita Mama Miwani, na sasa ndiye bosi wako, kwa hiyo hilo jina liache hapa hapa nyumbani. Pembeni yake mkalimani, kijana mpole wa Mwanza, wa Kiswahili. Na Mzee Magige kwenye kiti cha mwalimu, anapanguza jasho kama ndiye anayeoa.

Mama Miwani akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Unaishi katika ndoa hii kwa hiari yako?"

Nikanyamaza.

Wewe umelelewa hapa, unaelewa. Mama mkwe amekaa bega kwa bega na wewe, hajafungua mdomo, halafu wewe uanze kusema habari za mji wake? Na kwa kumtazama mgeni machoni? Nikainamisha kichwa, nikangoja aseme yeye kwanza. Na yeye alikaa kimya, uso kama jiwe la kusagia. Mama Miwani akarudia swali kwa upole zaidi. Kimya. Magige akadakia, "Hawa ndivyo walivyo. Baba za watoto wapo, ndio wanaowatunza." Kalamu ikaandika. Tukaweka dole gumba kuonyesha kwamba tulihudhuria. Gari likaondoka.

Njiani bibi yako akaniuliza, "Mbona hukusema?"

"Mama, nilikuwa nakusubiri wewe."

Akasimama katikati ya njia. "Na mimi nilisubiri waniulize. Wamekuuliza mtoto, wakaniruka mimi mwenye mji. Ningejibuje swali ambalo sikuulizwa?"

Tukatazamana pale. Heshima yangu na hasira yake vilikuwa vimekaa benchi moja, na kwa macho ya mgeni vyote viwili vikaonekana ni woga.

Taarifa yao ilikuja baadaye sana. Mtendaji wetu, yule kijana kutoka Njombe, aliisoma kwenye mkutano. Imeandikwa kwamba wanawake vijana wa nyumba zetu wako chini ya vizee na hawawezi kusema. Kwamba wakombolewe. Kwamba ili watoto wapate haki yao, viwanja wapewe baba waliowazaa.

Nikuambie ukweli, mwanangu, hawakuwa watu wabaya. Walitaka kunitetea. Walinitetea mpaka wakaninyang'anya mji wangu.

Kesho yake akaja Marwa. Unamfahamu, na ukijitazama kwenye kioo unamwona, sikatai. Amevaa viatu vya Jumapili siku ya Jumatano, anachungulia mpaka nyuma ya ghala. Bibi yako akamwambia, "Karibu mura. Umepoteza nini?"

"Nimekuja tu kuangalia, mama. Nasikia kiwanja kitakuwa kwa jina langu."

"Vizuri. Hebu ingia zizini. Ukimwona ng'ombe uliyemtoa wewe kwa ajili ya huyu mwanamke, mchukue pamoja na kiwanja."

Marwa akatazama zizi. Akatazama viatu vyake. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa napita tu," akashika njia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ila usimdharau. Kamati ilipomwita, alisimama mbele ya wanaume wenzake akasema, "Pale sina ng'ombe, kwa hiyo sina neno." Walimzomea mnadani kwa muda mrefu. Hakubadilisha. Ukipita dukani kwake kesho, msalimie.

Bibi yako alikaa siku kadhaa bila kula vizuri. Ni mtendaji aliyekuja na habari kwamba kamati inapokea pingamizi, na si lazima kuandika, hata sauti inatosha, hata kwa Kikurya. Tulikutana wanawake wa nyumba zetu kwenye migomba ya Mama Chacha, simu ikawekwa juu ya kinu. Safari hii nikajifunza. Nikamwambia mama, anza wewe. Akaanza! Alitaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi, na nani alikula nini kwenye arusi. Jogoo aliwika katikati, akamtukana, na matusi yakaenda hukohuko kwenye kamati.

Hapa sasa ndipo sehemu ninayoikimbia. Alikuwepo Nyangi. Yeye naye alikuwa ameolewa kwenye nyumba ntobhu, ng'ambo ya korongo, lakini kwake hakukuwa kama kwetu. Kizee chake kilimpiga, na kilimchagulia wanaume wa kuja kwake, asiwe na la kusema. Tulijua wote. Zamu yake ya kusema ilipokaribia nilimvuta pembeni nikamwambia, "Nyangi, ya kwako yaache. Ukiyasema watasema waliandika kweli, sote tutakosa." Akanitazama, akafunga kanga yake vizuri, akanyamaza. Nilimfanyia yeye kile kilekile nilichokuwa nalia kwamba nimefanyiwa. Sisi wachache tulikuwa tunadai tusikike, na mimi nikamziba mdomo aliye mchache kati yetu.

Kamati ikarudi. Mara hii hawakuita mtu shuleni. Gari waliliacha barabarani, likazimwa, wakaja kwa miguu, viatu vimejaa matope mpaka vifundoni. Mkalimani alikuwa mama wa kwetu, Mkurya wa Sirari, Kiswahili chake nusu kimevuka mpaka. Mzee Magige alianza kuongoza msafara, wakamshukuru, wakamwomba asubiri kwake. Mama Miwani akasimama uani, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe uliyeandika kwamba nimemfunga huyu?"

Mkalimani akasita. Bibi yako akamwambia, "Mpe kama nilivyosema, usiongeze sukari." Akampa.

Mama Miwani akavua miwani. "Ni mimi. Niliona amenyamaza, nikadhani ni woga. Halafu niliondoka bila kuwasomea nilichoandika, kwa hiyo hamkupata nafasi ya kunikatalia. Ndiyo maana nimerudi."

Bibi yako akamtazama kuanzia matope mpaka nywele. Kisha akaniambia, "Rhobi, mletee kiti huyu."

Alipokaa hakuuliza swali lolote la kwenye makaratasi. Aliuliza, "Hapa kwenu nani huanza kusema?"

"Ninaanza mimi," bibi yako akasema, na akaanza, mpaka kivuli cha ghala kikahama. Alipomaliza akanigeukia. "Haya, sema na wewe." Bhoke, nilisema! Nilisema habari ya mkono, na ya mtoni, na ya wewe. Nilimtazama mgeni machoni. Mimi mwenyewe nilikuwa najisikiliza nikijiuliza huyu ni nani anayeongea.

Baadaye akaomba kuongea na kila mmoja wetu peke yake. Bibi yako akakunja uso. "Rhobi atakuambia nini huko ambacho hapa hakisemeki?"

"Pengine yeye hana," Mama Miwani akasema. "Lakini kama yupo mwenye nacho, ataendaje peke yake bila watu wote kumtazama? Tukienda wote, hakuna atakayejulikana."

Zamu yangu nyuma ya ghala sikuwa na jipya la kwangu. Nikamwambia tu, "Yule aliyevaa kanga nyekundu, mpeni muda mrefu. Na mwambieni Rhobi amesema aseme yote." Nyangi alikaa huko mpaka jua likawa kali. Alipotoka alikuwa analia na mgongo umenyooka.

Na kabla hawajaondoka, wakasoma. Mstari kwa mstari, kwa Kikurya, mbele yetu, ila ya faragha yakabaki ya faragha, kila mmoja alisomewa hukohuko alikoyasema. Bibi yako alisahihisha kama mwalimu mkuu. "Hapo si hivyo. Usiandike 'anaishi na'. Andika nilimwoa, mbele ya watu." Wakafuta, wakaandika. "Na Marwa mwandike, hakuniibia kitu." Wakaandika. Mwisho akaweka dole gumba, akalikandamiza pale mpaka mkalimani akasema, "Bibi, imetosha, karatasi itatoboka ati."

Sasa ndiyo sherehe uliyoikuta. Siku ya kupanda mawe ya mipaka jina lilisomwa kwa sauti: kaya ya Wegesa. Halafu nyumba nyingine kama zetu, moja baada ya nyingine. Vigelegele vilivuka bwawa vikarudi. Mzee Magige mwenyewe alishika jiwe la mwisho, na bibi yako akamwambia, "Leo pia utakula, lakini ulale kwako." Na Nyangi akasomwa peke yake, kiwanja chake, kwa jina lake, si la kizee wala la mwanaume. Baadhi ya watu walinuna. Bibi yako akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Mimi nilimuuliza wangu mtoni kama anataka. Asiyeuliza asinune akikimbiwa." Hilo begi lako jekundu, Bhoke, limetoka kwa Nyangi. Alilinunua kwa ndizi zake mwenyewe, akanikataza nisikuambie mpaka uwe unaondoka.

Na jambo lililonifanya nilie kwa furaha ni lile uliloniambia wewe mwenyewe mwezi uliopita, kwamba siku hizi kamati yote, hata katika nchi ambazo mimi sizijui, kabla ya kuondoka mahali lazima iwasomee watu ilichoandika kwa lugha yao, na mkuu wa kaya ni yule ambaye kaya yenyewe inamtaja. Uliniambia kama habari ya kawaida, unakula mahindi. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya ghala, mahali palepale, nikacheka peke yangu. Uani kwetu kumefika huko!

Basi nina wasiwasi gani tena? Ninao, kwa sababu sasa kalamu iko mkononi mwako. Utaingia miji ya watu ukiwa na gari, na jioni inakaribia, na dereva anapiga honi. Utamkuta binti ameinamisha kichwa. Usijue haraka. Anaweza kuwa anaogopa. Anaweza kuwa anaheshimu, kama mimi. Anaweza kuwa Nyangi, ameambiwa na rafiki yake mwema kabisa asiharibu. Vyote vinafanana kwa mbali. Mwambie dereva azime. Na utakapokosea, maana utakosea, wewe ni mwanangu, rudi na matope yako miguuni useme. Hapa kwetu aliyesema alipewa kiti, na kesho anakupokea wewe.

Nilitaka nifunge hapa. Lakini bibi yako ameacha maharage, ananitazama tangu zamani. Ameuliza, "Unaandika nini kirefu hivyo?" Nikasema, barua ya Bhoke. "Mimi nimo?" Nikasema umo. "Basi nisomee."

Nimemsomea yote, nikiigeuza kwa Kikurya, mpaka sehemu ya Nyangi ambayo sikuwahi kumwambia. Hapo akasema, "Iache, ndivyo ilivyokuwa." Pa jogoo amecheka mpaka akakohoa. Ila amesahihisha mahali pamoja, na nimeapa kwamba nitaandika kama alivyosema. Anasema pale mtoni, aliponiuliza kama nataka, mimi sikucheka. Anasema nililia kwanza, sufuria likachukuliwa na maji, yeye akaingia mtoni na nguo zake akalifuata, na aliporudi amelowa na sufuria kichwani ndipo nilipocheka.

Nimefikiri sana. Ni kweli. Ndivyo ilivyokuwa.

Nimempaka wino wa kalamu, naye ameweka dole gumba hapa chini, ameukandamiza wino mpaka nyuma. Anasema sasa iko sawa, niifunge, uende.

Mama yako,
Rhobi wa Wegesa